Mafahali Wawili Zizi Moja: Majibu kwa Wanaochanganya Java na Kotlin

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinafanana mno, ingawa waandishi wake wanaishi mbali na hawafahamiani. Tangu Google ilipotangaza mwezi Mei 2017 kwamba Kotlin itatambuliwa rasmi katika uandishi wa programu za Android, timu nyingi zimejikuta na miradi ambayo nusu yake ni Java ya zamani na nusu nyingine ni Kotlin iliyoandikwa juzi. Lugha hizi mbili huzaa kitu kimoja, yaani mafaili ya klasi yanayoendeshwa na mashine ile ile ya Java, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba kuziweka pamoja hakuhitaji zaidi ya kuongeza faili kwenye folda. Nimezifupisha barua, na majina ya wenyewe nimeyaacha.

SWALI

Ndugu Mhariri, ninasimamia mfumo wa hesabu za chama cha akiba na mikopo, ulioandikwa kwa Java na kujengwa kwa Maven, chombo cha kukusanya maktaba na kujenga programu. Wiki iliyopita niliongeza klasi ya kwanza ya Kotlin, ambayo kazi yake ni kukokotoa riba, nikaiita kutoka kwenye klasi ya Java. Ndani ya IntelliJ IDEA, programu ninayoandikia msimbo, kila kitu ni shwari, hakuna hata mstari mmoja mwekundu. Nikiendesha "mvn package", kompaila ya Java, yaani programu inayogeuza maandishi ya Java kuwa mafaili ya klasi, inasema haiijui klasi hiyo. Nimeongeza maktaba ya kawaida ya Kotlin mara mbili, nimefuta folda ya "target", nimezima na kuwasha kompyuta. Je, nimekosea wapi? Msomaji, Morogoro.

JIBU

Ndugu yangu wa Morogoro, anza kwa kuiondoa ile maktaba uliyoiongeza mara ya pili, kwa sababu haina kosa wala haina msaada. Tatizo lako halihusu kitu kilichokosekana bali zamu: kompaila ya Java imeingia kazini kabla ya mwenzake kumaliza.

Mradi wako sasa una kompaila mbili, na uwezo wao haulingani. Kompaila ya Kotlin inaweza kusoma mafaili ya chanzo ya Java yalivyo, ikatambua klasi zilizomo na funksheni zake hata kama hayajakompailiwa. Kompaila ya Java, kwa upande wake, haielewi hata mstari mmoja wa Kotlin. Inachokijua ni mafaili ya klasi yaliyokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo mpangilio unaowezekana ni mmoja tu. Kotlin inatangulia, inasoma folda zote mbili, inaweka klasi zake ndani ya "target/classes". Kisha Java inafuata, na inapokutana na jina la klasi yako ya riba inaikuta tayari imeshatengenezwa. Ukiugeuza mpangilio huo, Java inaitafuta klasi ambayo haijazaliwa, na jibu lake ni lile ulilolipata.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba katika Maven kazi ya kukompaili Java hukuiandika wewe. Inakuja yenyewe pamoja na aina ya kifurushi cha "jar", ikiwa na jina la "default-compile", na imekaa kwenye hatua ya "compile" kabla hujagusa chochote katika pom.xml, faili la mipangilio ya Maven. Ulipoongeza programu-jalizi (plugin) ya Kotlin kwenye hatua hiyo hiyo, ilipanga foleni nyuma ya aliyetangulia. Dawa yake ni kumwondoa huyo wa kwanza na kumrudisha mwishoni mwa foleni. Ndani ya maven-compiler-plugin, ipe "default-compile" hatua ya "none", jambo ambalo linaifanya isiendeshwe kabisa; halafu ongeza utekelezaji mpya, ambao kwa desturi huitwa "java-compile", kwenye hatua ya "compile", na hakikisha kwamba katika pom.xml programu-jalizi hiyo imeandikwa chini ya kotlin-maven-plugin, si juu yake. Ndani ya mipangilio ya Kotlin, kwenye "sourceDirs", taja folda zote mbili, "src/main/kotlin" na "src/main/java". Ukiisahau ya pili, kosa litageuka upande: sasa Kotlin ndiyo itakayosema haizioni klasi za Java.

Fanya vivyo hivyo kwa upande wa majaribio, ambako jina la kuzima ni "default-testCompile". Watu wengi hutengeneza upande mmoja, wakafurahi, wakarudi kuniandikia wiki mbili baadaye.

Umeuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kwa nini IntelliJ IDEA haikulalamika. Programu hiyo ina namna yake ya kuuelewa mradi na ina uwezo wake wa kujenga, unaozitambua lugha zote mbili bila kupitia foleni ya Maven. Utulivu wake hauthibitishi kwamba pom.xml iko sawa. Kinachothibitisha ni matokeo ya amri yenyewe: endesha "mvn compile" kwenye teminali, usome majina ya programu-jalizi yanavyopita mmoja baada ya mwingine, na ile ya Kotlin ni lazima uione kwanza.

Kwa wasomaji wanaotumia Gradle, chombo kingine cha kujenga programu, zamu hii hupangwa na programu-jalizi ya Kotlin yenyewe, kwa hiyo kosa la ndugu wa Morogoro haliwapati mara nyingi. Linalowapata ni jingine, la kimya zaidi. Faili la Java likiwekwa ndani ya "src/main/kotlin", kompaila ya Kotlin italisoma ili kujua kilichomo, lakini hakuna atakayelikompaili. Ujenzi unaweza kupita vizuri, na klasi hiyo isiwemo ndani ya kifurushi. Mimi mwenyewe nilipoteza alasiri nzima kwa faili moja lililoburutwa kimakosa kutoka folda moja hadi nyingine.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ninaandika mradi wa kuhitimu kwa Java na Kotlin katika moduli moja, yaani sehemu moja ya mradi inayojengwa kwa pamoja. Klasi zangu za Java zinatumia Lombok ili nisiandike funksheni za kusoma na kubadili sehemu za data. Nikizitumia klasi hizo ndani ya Java hakuna shida, lakini Kotlin inasema "getJina" haipo. Nimehakikisha mpangilio wa kompaila uko kama ulivyoshauri zamani. Msomaji, Dodoma.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeupanga vizuri, na mpangilio huo huo mzuri ndio uliokuumbua.

Lombok si maktaba ya kawaida. Inafanya kazi ndani ya kompaila ya Java: kompaila inapolisoma faili lako na kukuta anotesheni ya "@Getter", Lombok inaingiza funksheni ya "getJina" pale pale, katikati ya kazi. Kumbuka sasa kwamba Kotlin imetangulia, na ilipolisoma faili lako la Java ililisoma lilivyoandikwa kwa mkono wako. Katika maandishi yako "getJina" haimo. Itakuja kuwemo baadaye, Kotlin ikiwa imekwisha kukata tamaa.

Una njia tatu, nami nazipanga kwa kadiri ninavyozipenda. Ya kwanza ni kuziandika upya klasi hizo za data kwa Kotlin, ambako "data class" inakupa karibu kila ulichokifuata kwenye Lombok, na kisha unaachana na Lombok katika sehemu hiyo ya mradi. Kwa mradi wa kuhitimu wenye klasi chache, hiyo ni kazi ya jioni moja. Ya pili ni kuzihamishia kwenye moduli yao ya peke yao, ya Java tupu, inayojengwa kwanza. Moduli ya Kotlin itazikuta zikiwa mafaili ya klasi yaliyokamilika, na ndani ya mafaili hayo "getJina" imo kama funksheni nyingine yoyote. Ya tatu ni programu-jalizi ya Lombok ambayo watengenezaji wa Kotlin wameiandika kwa ajili ya moduli zenye mchanganyiko kama yako. Hiyo inaifundisha Kotlin maana ya anotesheni za Lombok, nayo inafaa pale ambapo klasi ni nyingi na muda ni mfupi.

Ukiwa unatumia pia kapt, chombo cha Kotlin cha kuendesha vichakataji vya anotesheni, ongeza tahadhari moja. Kapt inapowashwa huchukua jukumu la kuendesha vichakataji vyote vya anotesheni na kumzuia javac, yaani kompaila ya Java, asiviendeshe, kwa hiyo Lombok nayo huzimika, na hata klasi zako za Java zilizokuwa salama zitaanza kulalamika. Mpangilio wa "keepJavacAnnotationProcessors", ukiwekwa kuwa "true" ndani ya sehemu ya kapt, unairudisha.

SWALI

Mhariri, sisi ni kikosi cha watu wanne hapa Mombasa. Ili kuepuka fujo za lugha mbili tuliugawa mradi katika moduli mbili za Gradle, moja ya Java na moja ya Kotlin. Klasi ya Mteja iko upande wa Java, na inaita kikokotoo cha ada kilicho upande wa Kotlin. Kikokotoo nacho kinapokea Mteja ili kijue atozwe kiasi gani. Sasa Gradle inakataa, inasema kazi zinategemeana kwa mzunguko. Mwenzetu mmoja anataka turudishe kila kitu kwenye moduli moja, na mwingine anasema tukiongeza jar kwa mkono itapita. Nani yuko sahihi? Msomaji, Mombasa.

JIBU

Wa jar asikilizwe kwa heshima, kisha ashauriwe vingine. Jar iliyowekwa kwa mkono ni picha ya jana ya moduli yenu: itapita leo, na siku mtakapobadili funksheni moja mtakuwa mnajenga programu ya leo juu ya klasi za mwezi uliopita. Anayetaka kurudi kwenye moduli moja yuko karibu zaidi na ukweli, ila si lazima mfike huko.

Tofauti ya kushika ni hii. Ndani ya moduli moja, faili la Java na faili la Kotlin yanaweza kuitana kwa mzunguko bila shida, kwa kuwa kompaila ya Kotlin inayasoma yote mawili kwa pamoja kama nilivyoeleza juu. Kati ya moduli na moduli hakuna nafasi hiyo. Moduli inayotegemewa ni lazima ikamilike kwanza ndipo inayoitegemea ianze, na mbili zikitegemeana hakuna inayoweza kuanza. Ni kuku na yai. Maven nayo inakataa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa kwa maneno yake. Kwa hiyo ninyi hamkuziondoa fujo za lugha mbili, mmezijengea ukuta katikati.

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, ni kugawa mradi kwa lugha. Lugha ni chombo cha mwandishi, na programu haigawanyiki kwa vyombo. Ingegawanywa kwa kazi: wateja hapa, ada hapa, taarifa kule, na kila moduli iwe na lugha inayoihitaji, hata zote mbili. Mkigawa hivyo mizunguko mingi hupungua yenyewe, kwa sababu kazi huwa na mwelekeo wa asili, ambapo moja humhudumia mwenzake bila kuhitaji kuhudumiwa naye.

Kwa mzunguko mlio nao sasa, tazameni kitu kimoja: kikokotoo cha ada kinahitaji nini hasa kutoka kwa Mteja? Nina hakika hakihitaji jina lake la ukoo wala tarehe yake ya kuzaliwa. Pengine kinahitaji daraja la akaunti na salio. Tengenezeni moduli ya tatu, ndogo kabisa, tuiite "msingi", muweke humo kiolesura chenye mambo hayo mawili, tukipe jina la MwenyeAkaunti. Kikokotoo kipokee MwenyeAkaunti badala ya Mteja, na Mteja atekeleze kiolesura hicho. Sasa moduli ya ada inaitegemea "msingi" peke yake, moduli ya wateja inazitegemea zote mbili, na hakuna mshale unaorudi nyuma.

Nikiishia hapa mtaniandikia tena kesho, kwa sababu kosa linalofuata nalijua. Moduli nyingine, tuseme ya taarifa, itamtumia Mteja, na Kotlin itasema haiwezi kuifikia MwenyeAkaunti ambayo ni mzazi wa Mteja, kisha itawashauri mkague njia ya klasi, yaani orodha ya mahali kompaila inapotafuta klasi. Hapo mtakuwa mmeitangaza "msingi" ndani ya moduli ya wateja kwa neno "implementation", ambalo maana yake ni kwamba kitegemezi hicho ni siri ya moduli na wanaoitumia hawakioni wakati wa kukompaili. Mteja, hata hivyo, anatangaza hadharani kwamba MwenyeAkaunti ni mzazi wake. Siri gani hiyo? Itangazeni kwa neno "api", ambalo katika moduli ya Java linapatikana mkitumia programu-jalizi ya "java-library". Kipimo chake ni chepesi: aina ikionekana katika sahihi ya funksheni ya hadharani au kama mzazi wa klasi ya hadharani, kitegemezi chake ni "api", ikitumika ndani ya mwili wa funksheni tu, kibaki "implementation". Msikimbilie kuandika "api" kila mahali ili mlale usingizi, kwa maana kila badiliko dogo katika kitegemezi cha namna hiyo litalazimisha moduli zote za juu zikompailiwe upya, na ujenzi wa dakika moja utageuka wa dakika kumi.

SWALI

Mhariri, Gradle inaniambia kwamba compileJava iko kwenye 17 na compileKotlin iko kwenye 1.8, na inagoma kuendelea. Sikuandika namba hizo popote. Msomaji, Nakuru.

JIBU

Hukuziandika, na ndiyo sababu kila kompaila imejichagulia yake. Namba hizo ni matoleo ya Java yanayolengwa: klasi zilizokusudiwa Java 8 hubeba namba 52 ndani yake, na za Java 17 hubeba 61, na mashine ya zamani ikikutana na namba kubwa kuliko yake hukataa kuisoma klasi hiyo. Gradle inagoma mapema ili usije ukatoa kifurushi chenye mchanganyiko huo. Andika "jvmToolchain(17)" ndani ya sehemu ya "kotlin" katika faili la ujenzi; mpangilio huo unazifunga kompaila zote mbili kwenye toleo moja. Ukihitaji kubaki kwenye 8 kwa ajili ya seva ya mteja, basi iwe 8 pande zote.

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, nimeandika maktaba ndogo ya kukokotoa kodi, karibu yote kwa Kotlin, nikaiongezea module-info.java ili iwe moduli halisi ya Java. Nimeandika "exports hesabu.kodi". Kompaila ya Java inajibu kwamba hicho kifurushi ni kitupu au hakipo, ilhali kina mafaili kumi na mawili. Ninatumia Gradle. Msomaji, Zanzibar.

JIBU

Kina mafaili kumi na mawili ya Kotlin, mheshimiwa, na aliyeulizwa ni kompaila ya Java.

Mfumo wa moduli ulioletwa na Java 9 mwezi Septemba 2017 una msimamo mkali kuliko njia ya klasi tuliyoizoea. Zamani, klasi ingeweza kutoka folda yoyote iliyotajwa, na hakuna aliyeuliza. Kwa mfumo wa moduli, vilivyomo ndani ya moduli ni lazima vitambulike kuwa ni vya moduli hiyo. Gradle inaziweka klasi za Kotlin katika folda yake, "build/classes/kotlin/main", tofauti na ile ya Java. Kompaila ya Java inapofika kwenye module-info.java inatafuta "hesabu.kodi" ndani ya moduli, inakuta hakuna faili hata moja la Java lenye kifurushi hicho, na klasi za Kotlin zilizolala folda ya jirani haizihesabu kuwa za nyumba hii.

Unachotakiwa kufanya ni kuiambia waziwazi kwamba ni za nyumba hii. Katika kazi ya compileJava, ongeza kwenye hoja za kompaila "--patch-module", ikifuatwa na jina la moduli yako, alama ya usawa, na njia ya folda zenye klasi zilizokwisha kutengenezwa, wengi hutumia "sourceSets.main.output.asPath", ambayo inazitaja bila wewe kuandika njia kwa mkono. Ndani ya module-info.java ongeza pia "requires kotlin.stdlib", kwa sababu maktaba ya kawaida ya Kotlin ni moduli yenye jina hilo na haijiingizi yenyewe. Kompaila ya Kotlin nayo hulisoma faili hilo na kuliheshimu. Ukitumia, kwa mfano, mambo ya hifadhidata yaliyomo katika "java.sql" bila kuitaja moduli hiyo kwenye "requires", Kotlin ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukukatalia.

Kuna mtego mwingine ambao ndugu zetu wa Mombasa wangeuangukia wangefika huku. Moduli mbili haziruhusiwi kuwa na kifurushi chenye jina moja. Aliyegawa mradi kwa lugha, akawa na "hesabu.kodi" ya Java katika moduli moja na "hesabu.kodi" ya Kotlin katika nyingine, atakataliwa, na hapo "--patch-module" si dawa ya kutegemea, ni kubadili jina la kifurushi kimoja.

Niseme pia kwamba kama hii ingekuwa programu ya kuendeshwa na si maktaba ya kutumiwa na wengine, ningekushauri ulifute module-info.java na usilifikirie tena. Mfumo huo si wa lazima.

SWALI

Mhariri, programu yangu ya Android ilikuwa ikijengwa vizuri mpaka nilipopandisha toleo la maktaba moja tu. Sasa naambiwa klasi za Kotlin zimerudiwa: zimo ndani ya kotlin-stdlib 1.8.0 na pia ndani ya kotlin-stdlib-jdk8 ya toleo la nyuma. Mimi sijataja hata moja kati ya hizo. Msomaji, Arusha.

JIBU

Dada wa Arusha, zimeletwa na vitegemezi vya vitegemezi vyako. Zamani maktaba ya kawaida ya Kotlin iligawanyika: kulikuwa na kotlin-stdlib, na nyongeza zake mbili zenye viambishi vya jdk7 na jdk8 kwa ajili ya mambo yaliyohitaji Java mpya zaidi. Kuanzia toleo la 1.8.0, nyongeza hizo ziliingizwa ndani ya maktaba mama. Maktaba uliyoipandisha imekuja na mama wa 1.8.0, ambaye tayari ana klasi zote. Maktaba yako nyingine ya zamani bado inaleta jdk8 ya 1.6 au 1.7 yenye klasi zile zile. Gradle ikikuta matoleo mawili ya kitu chenye jina moja huchagua lililo kubwa, lakini hapa majina ni mawili, kwa hiyo haikuona mgongano wowote na ikayachukua yote.

Usiifute moja kwa kuiorodhesha kwenye "exclude", maana itakubidi urudie kila maktaba mpya inapoingia. Tangaza kotlin-bom ya toleo la 1.8.0 au la juu zaidi kama jukwaa: "implementation(platform("org.jetbrains.kotlin:kotlin-bom:1.8.0"))". Hiyo haileti klasi yoyote. Ni orodha inayozilazimisha maktaba zote za ukoo wa Kotlin zifuate toleo moja, na jdk8 ya 1.8.0 ni ganda tupu lisilogombana na mtu.

Ili umjue aliyeileta, endesha "./gradlew app:dependencyInsight --dependency kotlin-stdlib-jdk8 --configuration debugRuntimeClasspath". Utaoneshwa mnyororo kutoka kwenye kitegemezi hicho hadi kwenye mstari ulioandika mwenyewe. Wenye Maven wana "mvn dependency:tree", na wakumbuke kwamba Maven haichagui toleo kubwa. Inachagua lililo karibu zaidi na mradi katika mti wa vitegemezi, na yakiwa umbali sawa, lililotajwa kwanza. Mtu akihama kutoka Maven kwenda Gradle bila kubadili namba hata moja, anaweza kupata matoleo tofauti kabisa, na programu ikakompailiwa salama kisha ikaanguka wakati wa kuendeshwa kwa kosa la NoSuchMethodError. Kosa hilo kwa kawaida humaanisha kwamba klasi imepatikana, ila ni ya toleo lisilo na funksheni iliyotarajiwa.

SWALI

Mhariri, bando liliniishia katikati ya ujenzi. Nimenunua jingine, lakini Maven bado inasema maktaba ya Kotlin haipatikani. Rafiki ameniambia nifute folda yote ya .m2, ambamo Maven huhifadhi ilivyovipakua. Msomaji, Tabora.

JIBU

Usiifute, utalinunua bando la tatu. Maven ikishindwa kupakua kitu huweka kumbukumbu ya kushindwa huko, katika faili lenye kiishio cha ".lastUpdated", na haijaribu tena mpaka muda iliojiwekea upite. Endesha "mvn -U package" mara moja ili ilazimike kuuliza upya. Itapakua kilichokosekana tu. Ikikamilika, siku za kawaida jenga kwa "mvn -o package", nayo haitagusa mtandao kabisa; ukiongeza kitegemezi kipya, jenga mara moja bila "-o" ili kipakuliwe.